Kimulikeni Kioo Kabla ya Kukitupa

Katika machimbo yote yaliyotapakaa kutoka Kahama hadi Nyarugusu, na kutoka Rwamgasa hadi Mgusu, hapana mtu mwenye akili zake timamu amwagaye marudio. Kwani kila mchimbaji ajua, hata yule aliyeingia duarani juzi, kwamba mawe yake yakisha kusagwa karashani, yakaoshwa mwaloni na kupitishwa katika zebaki, mchanga unaobaki ungali na dhahabu ambayo zebaki haikuweza kuikamata, na kwamba yuko mwenye plenti atakayeununua kwa fedha taslimu, akautia katika matangi yake ya sayanaidi, akatoa humo mali ambayo mwenyewe wa kwanza hakuiona. Biashara ya marudio ni hikima kubwa, nayo haikuletwa na mwalimu wala afisa. Imezaliwa na watu waliokataa kuamini kwamba kitu kikisha kupita katika mikono ya kwanza kimekwisha thamani. Ndiyo maana huniwia vigumu kufahamu kwa nini watu hawa hawa, wakitoka machimboni na kuingia ofisini, au katika duka la mnunuzi wa dhahabu, au katika zahanati, au katika shule ya sekondari, wakakuta asubuhi moja kioo cha kompyuta kimeingia giza, hutamka papo hapo, bila kukigusa wala kukichungua, hukumu moja tu isiyo na rufaa: "Kimekufa."

Hukumu hiyo ikisha kutolewa, kioo hupelekwa stoo, kikaegemezwa ukutani pamoja na vilivyokitangulia, kikangojea mwaka ambao kitaorodheshwa na viti vilivyovunjika na mapipa matupu ili kifutwe katika daftari la mali na kupigwa mnada wa mali chakavu. Na huku nyuma ombi la kununua kingine limekwisha kuandikwa, na karani aliyekuwa akikitumia amekaa majuma kadhaa akiazima meza ya jirani. Madai yangu ni mepesi kuyaeleza, ingawa najua yatawaudhi baadhi ya wahusika: kwamba vingi katika vioo hivyo havikufa, kwamba maradhi yake aghalabu hujulikana kwa muda usiozidi ule wa kunywa kikombe cha chai, na kwamba kukifuta kioo cha umma bila maandishi ya fundi yanayoeleza ni kitu gani kilichoharibika ndani yake ni kufuja mali ya watu, hata kama kila fomu imetiwa sahihi mahali pake.

Yafaa kwanza tujue giza lenyewe ni nini. Kioo cha siku hizi, hiki kilicho bapa kilichoyaondoa mezani yale masanduku mazito ya zamani, hakina nuru yake chenyewe. Tabaka lake la mbele, lililojaa fuwele za majimaji, halina kazi ila kuzuia na kuachia: huuruhusu mwanga upite hapa, huukataza pale, na kwa kuruhusu na kukataza huko hupatikana herufi, rangi na sura tunazozitazama. Mwanga wenyewe hutoka nyuma, katika mirija myembamba ya taa kwa vioo vya umri mkubwa kidogo, ama katika tepe za taa za LED kwa vile vilivyoanza kuenea mnamo mwaka 2010. Kwa hiyo yamkini picha ipo, kamili na bila kasoro, barua ya karani imefunguliwa na kila neno limekaa mstarini pake, ilhali mtazamaji haoni kitu kwa sababu tu taa za nyuma, ambazo mafundi huziita baklaiti, zimezimika. Mtu asiyejua jambo hili hudhani kwamba kisichoonekana hakipo. Na hilo ndilo kosa linalojaza stoo zetu.

Dawa ya kosa hilo ni tochi. Funga pazia, uache kompyuta na kioo vyote vimewashwa. Kisha uchukue tochi, hata ile ya simu, uisogeze karibu na uso wa kioo na kuilaza ubavu, wala usiielekeze moja kwa moja. Halafu utazame taratibu kutoka kona hadi kona. Ukiona kwa uhafifu alama za mafaili, au mshale wa kipanya, au nembo ya kompyuta ikielea gizani, basi umekwisha kupata jibu ambalo ofisi nzima ililikosa: sehemu ya picha ni nzima, na tatizo limo katika taa za nyuma au katika saketi inayozilisha umeme. Usipoona chochote, bado usikimbilie kuhukumu. Iulize ile taa ndogo iliyo pembeni mwa fremu. Ikiwa haiwaki kabisa, umeme haufiki ndani, na wa kushukiwa ni waya, fyuzi au pawa saplai. Ikiwa inawaka na kioo kinaandika kwamba hakipati mawimbi kutoka kwa kompyuta, basi kioo hakina hatia, na lawama ni ya waya wa picha au ya kompyuta yenyewe. Na ikiwa picha hutokea vizuri kwa sekunde moja au mbili kisha ikatoweka, na ukizima na kuwasha hutokea tena na kutoweka tena, hiyo ni dalili mashuhuri ya kioo cha mirija ambacho saketi yake ya kujilinda imehisi hitilafu katika taa ikakata umeme.

Nimewaona watu wenye shahada wakiagiza kioo kipya ilhali waya wa cha zamani ulikuwa umechomoka nusu nyuma ya meza kwa ufagio wa mhudumu. Kukihamishia kioo kwenye kompyuta nyingine, na kuiletea kompyuta kioo kingine, ili kujua kosa liko wapi, ni kazi isiyohitaji fundi wala bajeti.

Lakini sababu kuu ya giza, hasa katika vioo vilivyotumika miaka kadhaa, hukaa katika vidude vidogo vya mviringo vinavyosimama juu ya bodi ya umeme, vinavyoitwa kapasita. Niliwahi kuketi katika kibanda cha fundi mmoja mjini Kahama nikamtazama akifungua kioo cha namna hiyo, na ustadi wake ulinipendeza kwa jinsi ulivyokuwa na adabu. Alikilaza kifudifudi juu ya kitambaa kinene ili uso wake usikwaruzwe, akaondoa skrubu nne na kuziweka katika kifuniko cha kopo la Blue Band, kisha, badala ya kukipanua kwa bisibisi kama wafanyavyo wenye haraka, akapenyeza kadi ya benki iliyokwisha muda kati ya fremu na mgongo, akaitembeza pembezoni polepole huku vishikizo vya plastiki vikiachia kimoja kimoja bila kukatika. Bodi ilipotokea hakushika mita. Aliinama tu akatazama. Kapasita nzima huwa bapa kichwani. Tatu katika zile alizozitazama zilikuwa zimevimba vichwa, na ya nne ilikuwa imetoa utomvu wa rangi ya kahawia uliokauka miguuni pake. Akasoma maandishi ubavuni mwake, maikrofaradi 1000 na volti 16, akazitoa kwa kuyeyusha risasi chini ya bodi, akapachika mpya zenye kipimo kile kile cha maikrofaradi na volti 25, akahakikisha kwamba mstari wa upande wa hasi umeelekea ulikoelekea wa kwanza. Alinieleza kanuni yake kwa maneno machache: maikrofaradi zisibadilike, volti ziwe sawa au zaidi wala zisipungue, na joto lililoandikwa liwe nyuzi 105, si 85. Kioo kikawaka. Hakuonyesha mshangao wowote. Malalamiko yake yalikuwa kwamba kapasita zenyewe, ambazo nne hazifiki bei ya soda mbili, hulazimika kuzifuata Mwanza au kuziagiza Kariakoo zije kwa basi, na kwamba wateja wengi humletea kioo baada ya mtu mwingine kwisha kukivunja vishikizo na kupoteza skrubu.

Kwa nini kapasita hufa? Ndani yake mna majimaji, na majimaji hayo hukauka kwa joto. Kanuni ya wataalamu ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu hivi. Sasa fikiri juu ya kioo kilichobandikwa ukutani katika chumba chenye bati bila dari, Shinyanga, mwezi wa Oktoba, matundu yake ya kupumulia yakiwa yamezibwa na vumbi lile jekundu ambalo malori hulitimua tangu alfajiri. Fauka ya hayo, wako wakosaji wa mbali. Kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi, viwanda kadha wa kadha vya Asia, hasa vya Taiwan, vilitoa kapasita zenye majimaji mabovu, zikaingia katika kompyuta na vioo vya makampuni makubwa ya dunia, zikavimba na kupasuka kabla ya wakati. Na vingi katika vioo hivyo, vilipochokwa Ulaya, vililetwa Afrika ya Mashariki kama mitumba. Tuliununua ugonjwa ukiwa umewekewa bei nafuu, kisha tukajilaumu kwamba hatujui kutunza vitu.

Umeme nao una sehemu yake. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, au ukipanda na kushuka wakati karasha za jirani zinapowashwa, au radi ya ukanda huu wa Ziwa ikipiga karibu na nguzo, pawa saplai ndiyo inayopokea kipigo cha kwanza. Stebilaiza nzuri, na desturi ya kuchomoa waya mawingu yanapokusanyika, huokoa zaidi kuliko fundi yeyote. Wala kulifuta vumbi kwa brashi laini kila baada ya miezi michache si kazi ya kumdhalilisha afisa.

Hapa napenda kuweka hadhari, kwa kuwa sitaki mtu aumie kwa sababu ya makala yangu. Umeme wetu wa volti 230, ukisha kugeuzwa ndani ya pawa saplai, hukaa katika ile kapasita kubwa kuliko zote kwa kiasi cha volti 325 hivi, na hubaki humo kwa muda hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kiasi hicho chaweza kuua. Mwenye tochi na afanye kazi ya tochi. Mgongo wa kioo na ufunguliwe na anayejua kuitoa chaji hiyo kwa salama.

Ile mirija ya vioo vya zamani ina jambo lingine ambalo watu wa Geita wangepaswa kulijua kuliko watu wa mji mwingine wowote: ndani yake mna zebaki, miligramu chache kwa kila mrija. Tanzania iliridhia mwaka 2020 Mkataba wa Minamata, unaozitaka nchi zipunguze matumizi ya zebaki, na katika machimbo madogo kumekuwa na mahubiri mengi juu ya madhara yake kwa mama wajawazito, kwa samaki na kwa maji ya visima. Basi ni ajabu kwamba zebaki ile ile, tuliyoikemea mwaloni, huachwa ipasuke na kuvuja katika dampo nyuma ya soko, ambako watoto huokota nyaya na kuzichoma ili wapate shaba. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Serikali yetu ilitunga kanuni zake za taka hizo mwaka 2021. Kanuni ni njema, ila kioo kinachowaka hakihitaji kanuni yoyote ya taka. Na msomaji aliyekwisha kusikia kwamba bodi za elektroniki zina dhahabu asiharakishe kukivunja cha kwake: bodi za simu ndizo tajiri; bodi ya umeme ya kioo ni maskini, na atakayeichoma kwa ajili ya dhahabu atavuta moshi mwingi kuliko atakachokipata.

Haki yataka nikubali kwamba si kila kioo kinafaa kutengenezwa. Kikipasuka uso, au kikichorwa mistari ya wima isiyoondoka hata kwa waya mwingine, gharama haina maana, kwa sababu bei ya paneli hukaribia bei ya kioo kizima. Kioo cha mirija kilichochoka taa zake nacho aghalabu si cha kufukuzia, kwani mirija ni migumu kupatikana na kioo cha LED hula umeme kidogo zaidi. Hata tepe za LED zina udhaifu wake: taa zake zimeungwa kwa mfuatano, hivi kwamba moja ikikatika huizima tepe yote, na fundi asiye mwaminifu atakutoza bei ya tepe nzima kwa taa moja. Wako pia, sitaficha, mafundi wanaokwambia kwamba bodi imeungua, kisha bodi hiyo iliyoungua ikaonekana inawaka katika kioo cha mteja mwingine. Kinga ya hilo ni ndogo: mwambie akuonyeshe kilichoharibika kabla hajataja bei, na umdai vipande alivyovitoa siku unapokuja kuchukua kioo chako. Fundi mwaminifu hakasiriki kwa ombi hilo.

Lakini lawama yangu kubwa siielekezi kibandani. Naielekeza kwenye utaratibu wetu wa ofisi, ambamo kununua kuna fungu, kuna zabuni, kuna kikao na posho yake, ilhali kutengeneza aghalabu husahauliwa katika bajeti, hivi kwamba mkuu wa shule mwenye vioo sita vilivyozima ana njia rahisi ya kuomba vipya sita, wala hana njia rahisi hivyo ya kumlipa fundi wa mtaani kwa kapasita na saa mbili za kazi. Mikoa hii ya Shinyanga na Geita si migeni katika ufundi. Mwadui, ambako Mkanada John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, ulijengewa mji wenye karakana zake. Mgodi wa Geita uliofunguliwa upya mwaka 2000, na Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001, imewafunza vijana wengi kusoma mchoro wa saketi na kutafuta hitilafu kwa mita. Na mgodi wa Buzwagi ulipofika mwisho wa uzalishaji mwaka 2021, baadhi ya maarifa hayo yalirudi mitaani Kahama bila kazi. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapa maarifa hayo mlango wa ofisi ya umma.

Sheria ya Madini ya mwaka 2010, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana juu yake na halmashauri ya mahali. Kwa mipango hiyo yamejengwa madarasa na zahanati, na kompyuta zimepelekwa shuleni, siyadharau hayo. Ninachoomba ni kwamba katika kila mpango unaoleta kompyuta, iandikwe pia sehemu ya kuzidumisha: karakana moja ya wilaya yenye mita, vichomeo vya risasi na sanduku la kapasita na fyuzi, yenye vijana wawili watatu waliopita vyuo vya ufundi vya VETA, na yenye ruhusa ya kupokea kioo cha shule yoyote bila barua kuzunguka meza saba. Wenzetu wa Ulaya, ambao ni matajiri wa kuweza kutupa, wameona haja hiyo: tangu Machi 2021 kanuni zao zinawabana watengenezaji wa vioo vya elektroniki wawauzie mafundi spea kwa muda usiopungua miaka 7 baada ya toleo la mwisho kuingia sokoni, na katika spea hizo kapasita zimetajwa kwa jina. Itakuwa kichekesho ikiwa mwenye fedha anadai haki ya kutengeneza, nasi tusio nazo tukaendelea kutupa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya tarehe hiyo, nawaomba wakurugenzi wa halmashauri za Shinyanga na Geita, kila mmoja kwa nafasi yake, wafungue stoo zao kwa siku moja tu, wawaite mafundi wa mji wao kwa ujira wa halali, na kila kioo kilichomo kiunganishwe kwenye umeme, kimulikwe kwa tochi na kufunguliwa. Vitakavyowaka virudishwe kwa walimu na makarani. Visivyowaka viandikiwe sababu na jina la fundi aliyevipima. Na asiwepo afisa atakayetia sahihi ya kufuta kioo ambacho karatasi yake ya fundi haipo.